Boga kwa Maji ya Dagaa

Katika watu wote waliozaliwa Rusimbi, mtaa wetu hapa Kigoma, simjui mwingine anayeweza kupika boga likaiva mpaka moyoni na kipande hata kimoja kisivunjike. Nalisema wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nililihangaikia. Nilianza kwa kuosha masufuria katika hoteli moja Dar es Salaam, nikajilipia masomo ya jioni mpaka nikapata diploma ya upishi, nikapanda ndege kwenda kupika Muscat, Uarabuni, bila mjomba wala shemeji wa kunivuta mkono. Kwa pesa za huko nilijenga mtaa wa Katubuka, Kigoma, nyumba ya vyumba vitatu yenye jiko la ndani na jiko la nje. Diploma iko ukutani sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kuikwepa.

Kule Muscat mkuu wa jiko letu alikuwa mzee wa Kijapani, mfupi, mkimya, mwenye visu sita ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Juma langu la kwanza nilimkuta ameinamia bakuli la samaki wadogo waliokaushwa, anawatoa vichwa na matumbo mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Nilicheka. Nikamwambia hao ni dagaa, kwetu tunawakaanga kwa nyanya na vitunguu, tunawashushia ugali wa muhogo, hatuwabembelezi namna hiyo. Yeye hakucheka. Aliwaloweka, akawapasha moto bila kuwachemsha sana, akachuja, akawatupa dagaa wenyewe na kubaki na maji. Kisha akanipa kijiko.

Yalikuwa maji ya rangi ya chai hafifu. Hayakuwa na chumvi wala mafuta, lakini nilipomeza, mate yalikuja yenyewe. Katika maji hayo alipika boga, akatia sosi ya soya, sukari kidogo na tangawizi, na lile boga likawa kitoweo cha pembeni ambacho wageni walikimaliza kabla ya nyama. Nilikaa naye miaka mitano na sikuacha kujiuliza swali moja. Samaki wake walikuwa wa baharini. Je, dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi, wangetoa maji ya namna gani? Siku moja nikamuuliza. Akainua mabega, akasema, "Ziwa ni lako. Kajaribu."

Basi nilirudi na chupa mbili za sosi ya soya, kisu changu mwenyewe, na swali hilo.

Mama yangu anaishi Rusimbi katika nyumba ileile niliyozaliwa, na kazi yake ni dagaa wa mwalo wa Katonga. Havui; anaanika na kufunga. Yumo katika kikundi cha wanawake wenye vichanja vyao vya kuanikia pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na katika kikundi hicho ana cheo kisicho na barua wala muhuri: yeye ndiye pua yao. Zikifika siku za mbalamwezi, mitumbwi hupumzika kwa kuwa taa haziwavuti dagaa, na wanawake hupata nafasi ya kufunga magunia. Hapo mama hupita kichanja kwa kichanja. Huchukua dagaa mmoja, humvunja, humnusa, humtafuna kichwa, kisha husema neno moja: "Funga," au "Rudisha." Anayeambiwa rudisha habishi. Dagaa wake wataliwa nyumbani au watauzwa kwa vibakuli mtaani, lakini hawaingii katika magunia ya kikundi.

Wanaorudishwa mara nyingi ni wale tunaowaita dagaa wa mvua. Mvua imewakuta kichanjani nusu wamekauka, wakaanikwa upya. Ukiwatazama wanang'aa kama wenzao. Kinachowasaliti ni harufu, harufu ya godoro lililolowa, na konzi moja tu ikichanganywa na wazuri, gunia zima linanuka kabla halijafika linakokwenda.

Nilimwendea mama asubuhi. Nikamkuta barazani na jirani yake, mwanamke ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Ana kichanja chake Katonga, anamwita mama yangu yaya, yaani dada mkubwa, na mimi namwita mama mdogo.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," walijibu pamoja.

"Mama, nataka dagaa wazuri kuliko wote ulio nao."

"Wa nini?"

"Nitawaloweka, niwapashe moto, nichukue maji. Wao wenyewe nitawatupa."

Mama alinigeukia. "Hiyo diploma ndiyo iliyokufundisha kutupa dagaa?"

"Na vichwa vyao navitoa kwanza."

Mama mdogo alipiga makofi mara moja. "Kichwa? Kichwa njo dagaa mwenyewe! Yaya, huyu mtoto wako alienda kusoma ao alienda kupotea?"

"Vilete vichwa hapa," mama akasema, "kuku wa mama yako mdogo wana akili kuliko Wajapani." Lakini aliingia ndani, akatoka na mfuko. "Hawa ni wa kichanja changu mwenyewe."

Sikuwanusa. Msomaji wa mbali anaweza kushangaa, mpishi mzima mwenye diploma hakunusa. Lakini Rusimbi hakuna mtu anayenusa dagaa waliotoka mkononi mwa mama yangu. Ingekuwa sawa na kumwuliza imamu kama ametawadha.

Jumamosi hiyo niliwasha jiko la mkaa nje ya nyumba yangu. Boga nililichagua mwenyewe sokoni, gumu, la ganda la kijani, lile ambalo ukiligonga kwa kifundo cha kidole linajibu kama mlango. Maboga mengine yetu yana maji mengi na hugeuka uji kabla hujaketi. Nililikata vipande vya ukubwa wa kiberiti, ganda nikaliacha, kisha nikafanya jambo ambalo bado linawachekesha majirani: nilichukua kisu na kuondoa makali ya kila kipande, pembe zote, mpaka kikawa cha mviringo kidogo. Sababu ni rahisi. Kipande chenye makali, maji yanapotokota, hugongana na mwenzake na makali ndiyo yanayoanza kumeguka. Ukiyaondoa mapema, hakuna cha kumeguka. Mzee wa Muscat alinionyesha mara moja tu, sikuhitaji mara ya pili.

Vipande vinapangwa sufuriani kwa safu moja, ganda chini. Maji ya dagaa yanamiminwa pembeni, yasifunike boga, yafike usawa wa mabega yake. Sukari inatangulia, sosi ya soya inafuata, kwa sababu sukari ni nzito kuingia na chumvi ikiwahi inaifungia mlango. Wajapani hutia pia kileo kitamu cha mchele. Hicho hakiingii katika sufuria nitakayompelekea mama yangu, nikatia tangawizi zaidi. Wana pia mfuniko wa mbao mdogo kuliko sufuria, ambao haukai juu ya ukingo, unakaa juu ya chakula chenyewe na kukituliza. Sikuwa nao. Nikakata jani la mgomba duara, nikalitoboa tundu katikati, nikalilaza juu ya boga. Lilifanya kazi vizuri kuliko mbao, nasema bila kusita, maana jani linajikunja na kukumbatia kila kipande.

Moto mdogo, dakika kumi na tano. Kisha unaepua na kuacha lipoe kabisa. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu wetu. Wakati wa kutokota boga linalainika tu, halinywi kitu. Linakunywa wakati linapopoa. Anayekula la moto anakula boga na mchuzi. Anayesubiri anakula kitu kimoja.

Nilisubiri. Nikachukua kipande. Hakikuvunjika, kilikuwa cha dhahabu, kilikuwa kizuri kuliko nilivyowahi kupika Muscat. Nikakiweka mdomoni, nacho kikawa na ladha ya chumba kilichofungwa masika yote.

Mtu mwingine angesema dagaa wa Kigoma hawafai kwa mapishi ya Kijapani na angeishia hapo. Mimi nimesoma. Nimefundishwa kwamba chakula kikiharibika unabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vingine unaviacha vilivyo. Nikaanza na maji. Nilipika kwa maji ya bomba, nikapika kwa maji ya mvua ya tangi la jirani, nikaenda ziwani na ndoo nikapika kwa maji ya ziwa lenyewe, nikifikiri labda dagaa wanayatambua. Harufu ileile. Nikaacha sufuria ya alumini nikatumia chungu. Ileile. Nikapunguza muda wa kuloweka, nikawakaanga kwanza bila mafuta. Ilipungua kidogo, kisha ikarudi. Juma lile nilipika maboga manne, na mwalimu mmoja jirani yangu, aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, akaniuliza kwa upole kama kwetu kuna mwiko wa kula kitu kingine.

Kikabaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimekibadilisha. Sikukiacha mwisho kwa bahati mbaya. Nilikuwa nakikwepa.

Nikaenda kununua bakuli la dagaa kwa mama mdogo. Nikawaloweka kwa maji yaleyale ya bomba, katika sufuria ileile. Maji yalitoka safi, ya rangi ya asali changa, na nilipoyaonja nilicheka peke yangu uani. Yalikuwa laini kuliko ya baharini, hayana ule ukali wa chumvi, utamu wake unakuja taratibu na hauondoki. Jibu la swali langu la miaka yote lilikuwa kijikoni, na nilipaswa kufurahi. Badala yake niliuchukua mfuko wa mama, nikautia pua.

Godoro.

Nilipika boga kwa maji mazuri, nikaliacha lipoe, na Jumatano mchana nikalibeba Rusimbi ndani ya bakuli lenye mfuniko. Mama alikuwa barazani akichambua mboga, na mama mdogo alikuwepo, kwa kuwa huwepo daima. Nyuma ya nyumba maharage yalikuwa jikoni.

"Limepoa hili," mama mdogo alisema baada ya kugusa bakuli. "Mtoto anamletea mama yake kiporo."

"Si kiporo, mama mdogo. Ndivyo linavyoliwa."

"Eeh, kiporo chenye diploma." Akatia kipande mdomoni. Akachukua kingine. "Yaya, hii bintu ni tamu kweli. Tangawizi inapanda mpaka puani."

"Tamu," mama alikubali. Alitafuna polepole, akiwa anamtazama mwenzake. "Tangawizi inapanda."

Nilimwona. Alikuwa akilisoma jibu kwenye uso wa jirani yake. Kabla sijajua la kufanya na nilichokiona, harufu ya maharage yanayoungua ilitufikia, ikapita juu ya paa na kuteremka barazani. Mama mdogo aliruka, kanga mkononi, akapiga kelele, "Maharage! Yaya, maharage!" na kukimbilia nyuma. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mama alikuwa ameketi, kisu mkononi, anatutazama kwa zamu, na macho yake yaliuliza kuna nini.

Mama mdogo alirudi akilalamika kwamba sufuria imekuwa nyeusi kama kaburi, kisha akaenda kwake kutafuta kitunguu cha kuokolea yaliyobaki. Nikasogeza kigoda.

"Tangu lini, mama?"

Aliendelea kuchambua mboga. "Tangu yale mafua ya masika. Mafua yalikwisha, pua haikurudi. Nilidhani itarudi. Hata wewe uliporudi na hayo manukato yako ya Uarabuni, nilikujua kwa kishindo cha viatu."

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda. Wamesema nisubiri, wengine hurudiwa, wengine hapana."

"Na kule Katonga? Umepitisha magunia ya mbalamwezi ngapi bila pua?"

"Nne." Aliweka kisu chini. "Nawatazama nyuso. Mimi nimewanusia watu wale tangu wengine hawajaolewa. Mwenye dagaa wa mvua, ninapomvunja dagaa wake, hanitazami mimi. Anatazama ziwa. Anayetazama ziwa namwambia rudisha. Hakuna gunia lililolalamikiwa."

Nilistaajabu. Nimefanya kazi na wapishi wa mataifa saba na sijaona akili kama hiyo. Lakini nilikuwa na mfuko wake begani.

"Hawa ulionipa ni wa mvua, mama."

Alichukua mfuko, akachungulia, akamvunja mmoja kwa mazoea, akampeleka puani kwa mazoea, akamrudisha. "Juma lile nilikuwa msibani Ujiji siku mbili. Kumbe ilinyesha Katonga." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wa kwangu nitazame uso wa nani?"

Niliupokea mfuko, nikaufunga.

"Keshokutwa tunafunga," aliendelea. "Wakijua, sitakuwa mtu tena pale. Nitakuwa mwanamke mwenye kichanja tu, kama yeyote. Na nisiposema, siku moja nitapitisha uozo ujae magunia yote, niwaangushe wote. Umeona? Diploma yako inasemaje?"

Diploma yangu ilikuwa na la kusema, na hili nalihesabu kuwa ni kati ya mambo bora niliyowahi kuyafanya nayo. Darasani tulifundishwa kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni kazi ya pua. Ulimi wenyewe unajua machache: chumvi, sukari, uchungu, uchachu wa ndimu, na lile la tano, lile linaloleta mate, ambalo mzee wa Muscat alilitafuta kwenye samaki wadogo kila asubuhi. Nilibana pua yangu mbele ya mama nikatafuna tangawizi: ilikuwa inauma tu, haina jina. Nikala boga nikiwa nimebana pua vilevile: utamu ulikuwepo, na kile kitu cha nyuma ya ulimi kilikuwepo. Kwa hiyo swali likawa hili. Dagaa wa mvua, mbali na kunuka, je, wameharibika pia kwa namna ambayo ulimi unaijua?

Tulijaribu palepale. Niliwapasha moto dagaa wa mama mdogo niliokuwa nimebaki nao katika sufuria moja na wa mvua katika nyingine, nikachuja, nikamimina kwenye vikombe viwili vya chai. Mama alionja cha kwanza. Alikaa nacho mdomoni kama anavyokaa na habari asiyoiamini.

"Hiki," alisema, "kina kitu kinakaa hapa nyuma. Hakiondoki." Akaonja cha pili, akakunja uso. "Hiki kinakwaruza. Kinapita na kuacha uchungu."

"Unauhisi?"

"Nimekwambia kinakwaruza. Mbona umetoa macho hivyo?"

Nikaleta vikombe sita, nikamgeuza aelekee ukutani, nikavichanganya. Alipatia vitano. Kile cha sita alikikosea, naye akakasirika, akasema nimekichanganya kwa hila. Nikavipanga upya. Mara hii alionja kila kimoja mara mbili, akanywa maji katikati, akapatia vyote sita. Alivisogeza mbele vile vibaya vitatu kwa kidole, kwa dharau, kama mtu anayerudisha chenji yenye kasoro. Kisha akavuta bakuli la boga na kula vipande vinne bila kumtazama mtu yeyote.

"Sukari inatangulia," alisema huku akitafuna. "Halafu chumvi yake. Halafu hicho cha nyuma. Sijala kitu chenye vitu vitatu tangu masika. Wajapani ndivyo wanavyokula kila siku?"

"Ndivyo."

"Wana bahati. Ila mawese hawajayajua."

Nilikuwa na mpango tayari. Nilimwambia anaweza kupita vichanja siku moja kabla, kuchukua dagaa wachache wa kila mtu kana kwamba ni kwa kitoweo, tukawajaribu nyumbani kwangu Katubuka bila mtu kujua, na kesho yake akanusa kwa kuigiza. Ulikuwa mpango mzuri, usingegundulika. Mama aliusikiliza mpaka mwisho.

"Umepanga vizuri," alisema. "Lakini nimechoka kutazama nyuso."

Siku ya kufunga nilimbebea jiko la mkaa, sufuria mbili ndogo na chujio mpaka Katonga. Wanawake walikuwa wamekwisha kusimama kila mmoja kwenye kichanja chake, magunia matupu yamekunjwa mabegani. Waliposikia "Mwakeye" ya mama, salamu yetu ya asubuhi, wote waliitikia kwa makofi ya salamu, kama desturi, kisha makofi yakafifia walipoliona jiko.

"Kuna nini leo, tunapika?" mmoja aliuliza.

Mama hakuzunguka. "Pua yangu imekufa tangu masika. Nimekuwa nikiwapitishia dagaa kwa kuwatazama nyuso. Leo nimekuja na ulimi."

Mama mdogo akasogea hatua mbili, mkono kiunoni.

"Yaya. Mbalamwezi iliyopita weye ulinirudishia mafungu yangu yote."

"Nilikurudishia."

"Kwa sababu gani?"

"Ulitazama ziwa."

"Nilikuwa na jino!" Sauti yake ilipasuka. "Shavu lote limevimba! Nilikuwa sitazami ziwa, nilikuwa nalia!"

Mwanamke wa kichanja cha pili aliangua kicheko, akajaribu kukimeza, kikawatoka na wengine. Mama mdogo hakucheka. "Nyie chekeni. Dagaa wazuri wakaishia kwenye vibakuli mtaani. Mimi nikajisema, yaya amesema, yaya hakosei. Nikaona aibu mwezi mzima. Aibu ya bure!"

Mama alikuwa amesimama mbele yake, mfupi kuliko yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akikiri kosa. Alisema, "Nimekukosea. Wako wapi waliobaki?"

Mama mdogo alikuwa na konzi kadhaa za dagaa wale, amebaki nazo kwa hasira, zimefungwa kwenye mfuko chini ya kichanja. Niliwasha jiko. Nilipasha maji, nikatia dagaa, nikasubiri, nikachuja. Wanawake walituzunguka. Nimepikia mabalozi na sikuwahi kutazamwa namna ile. Mama alichukua kikombe, akaonja, akafumba macho. Akaonja tena.

"Wazuri," alisema. "Hawa walikuwa wa kufunga."

"Na niliwanusa mimi wakati ule!" mama mdogo akawaambia wenzake. "Niliwanusa, nikajua ni wazuri, nikanyamaza kwa sababu ni yaya!"

Mwanamke mzee kuliko wote pale, mwenye kichanja cha mwisho, ndiye aliyelimaliza. Alisema kama huyu aliwanusa akajua, basi pua tunayo, na kama huyu ameonja akajua, basi ulimi tunao, na jua linapanda, na yeye hana haja ya kusimama hapo mpaka kichwa kimuume. Wapite wawili. Wakikubaliana, funga. Wasipokubaliana, atakata shauri mwenye dagaa kwa kula konzi nzima mbele yao. Wakacheka, wakakubali. Mama mdogo alisema hajakubali kusamehe, amekubali kunusa tu.

Wakaanza kichanja cha kwanza. Mama mdogo alivunja, akanusa, akasema funga. Mama alisubiri kikombe chake, kwa hiyo kila kichanja kilichukua muda mrefu kuliko zamani, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya jiko nikichuja, nikiongeza maji, nikiosha vikombe kama siku zangu za kwanza Dar es Salaam. Kichanja cha pili, funga na funga. Cha tatu, vivyo hivyo. Katika kichanja cha nne mama mdogo alinusa, akasema, "Funga." Mama alionja, akatema pembeni.

"Rudisha."

"Hawanuki, yaya."

"Wanakwaruza."

"Weye ulimi wako umechoka, umekunywa vikombe vingapi? Kunywa maji."

Mama alikunywa maji, akaonja tena. "Rudisha."

Mama mdogo alimvunja dagaa mwingine, akamnusa kwa muda, akamgeuza, akanusa upande wa tumbo. Mwenye kichanja hakutazama ziwa. Aliwatazama wao wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa amenyoosha kikombe. "Onja wewe mwenyewe," alimwambia mwenzake. "Bana pua, uonje." Mama mdogo alikipokea akiwa bado ananung'unika, akabana pua yake kwa vidole viwili mbele ya wanawake wote, akanywa, akakunja uso, akatema palepale mama alipotema.